Kasha la diski 36 linakula wati 483 hali halina kazi: umeme unakwenda wapi?

#1 Mtunza Kasha

Habari za jioni, wakuu. Naleta hesabu ambayo imekataa kufunga kwa wiki tatu sasa. Katika ofisi yetu ndogo hapa Morogoro tunahifadhi picha za mashamba zinazopigwa na setilaiti za Sentinel-2, ambazo hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5, na kwa kuwa hatufuti kitu, data inajaa kama mto wakati wa masika. Bei za makasha ya hifadhi yanayouzwa yakiwa tayari zilitushinda, kwa hiyo nimeunda la kwangu: bati lenye nafasi 36 za diski, diski za terabaiti 8 kila moja, madabodi kuukuu ya prosesa mbili iliyotoka Dubai, pawasaplai mbili za wati 1,200 na feni 7. Ni la kwanza kati ya makasha manne yatakayokuwa klasta ya Hadoop, programu inayounganisha mashine kadhaa ili zihifadhi na kuchambua data kwa pamoja.

Jana usiku, wakati hakuna kazi yoyote iliyokuwa ikiendeshwa, nilibana waya wa kasha kwa mita nikasoma ampea 2.1. Nikizidisha kwa volti 230 napata wati 483. Kwa hesabu yangu diski 36 zinazozunguka bila kusomwa hula wati 5 kila moja, yaani 180, na madabodi pamoja na vikorokoro vyake nimeipa 100, jumla 280. Wati 203 zilizobaki zinakwenda wapi? Dai langu, na ninakaribisha kukosolewa, ni kwamba ubaya uko kwenye diski kuzunguka bure, na dawa ni kuzizima zote zisipohitajika.

#2 Mama Seva

Karibu, ndugu yangu, lakini dawa yako haigusi ugonjwa wako. Diski umekwisha kuzihesabu kwa wati 180. Ukizizima utapunguza hizo 180, na zile 203 zitabaki pale pale zikikucheka. Umepotelewa na mbuzi, nawe unakwenda kufunga kuku.

#3 Mzee wa Mita

Kabla hatujamtafuta mbuzi, tuulize kwanza kama yupo. Mita ya kubana waya husoma ampea peke yake. Ulichopata kwa kuzidisha na 230 si wati bali volti-ampea, na vitu hivyo viwili havilingani isipokuwa mkondo na volti vinapokwenda pamoja, jambo ambalo pawasaplai iliyobebeshwa mzigo mdogo hailifanyi vizuri. Pawasaplai zako mbili zina uwezo wa wati 2,400 kwa jumla, na wewe unazibebesha chini ya robo. Pili, hiyo 230 uliisoma kwenye nini? Kama uliisoma kwenye kibandiko nyuma ya pawasaplai, basi umepima kibandiko. Tafuta mita ya kuchomeka ukutani inayoonyesha wati halisi, kisha urudi hapa.

#4 Mtunza Kasha

Shikamoo, Mzee wa Mita. Nakiri kwamba niliisoma kwenye kibandiko. Kuna mwalimu wa chuo ambaye ana mita ya namna hiyo; nitaiazima wiki hii.

#5 Lehemu

Mita itapunguza pengo lakini haitalifuta. Mkuu, umetaja feni 7 kisha hukuzipa hata wati moja katika hesabu. Feni za seva si kama zile za kompyuta ya mezani: zina kina, zina kelele, na ikiwa umeziunganisha moja kwa moja kwenye volti 12 bila waya wa kudhibiti mwendo, zinakimbia kwa nguvu zote usiku na mchana. Feni moja ya milimita 80 ya aina hiyo haishindwi kula wati 10 au zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau: umeme unaoliwa na feni hupanda kwa mchemraba wa mwendo wake. Ukiipunguza feni hadi nusu ya mwendo, hula kama sehemu moja ya nane ya ulaji wake wa mwanzo, na hewa inayopita bado ni nusu. Kwa hiyo feni 7 zinazotambaa zina faida kuliko feni 3 zinazopiga mayowe. Swali langu ni hili: ukisimama mlangoni unazisikia?

#6 Mtunza Kasha

Ndugu Lehemu, zinasikika mpaka kwa mhasibu, vyumba viwili mbele, na yeye huufunga mlango wake.

#7 Mhasibu wa Yuniti

Kwa kuwa nimetajwa (si mimi, lakini najisikia nimetajwa), niweke fedha mezani. Tuseme ni wati 420 tu. Kwa saa 24 na siku 30 hizo ni yuniti 302 kwa mwezi, na kwa makadirio ya shilingi 350 kwa yuniti ni kama shilingi 105,800 kila mwezi kwa kasha moja. Makasha manne ni zaidi ya shilingi 420,000, na bado hamjalipia kiyoyozi, ambacho kazi yake ni kutoa nje joto lile lile mlilolinunua. Kila wati inayoingia kwenye kasha hutoka ikiwa joto. Haibaki ndani ikawa data. Kwa hiyo mjadala huu unagusa mfuko mara mbili.

#8 Nahodha wa Bodi

Ninataka kulitetea wazo la Mtunza Kasha la kuzima diski, kwa sababu limejaribiwa na wakubwa na limefanya kazi. Wazo lenyewe ni la tangu 2002, lilipopendekezwa chini ya jina la MAID: diski nyingi zilizo pamoja, nyingi zikiwa zimelala. Mwaka 2014 watafiti wa Microsoft walieleza rafu yao waliyoiita Pelican, yenye diski 1,152, ambamo asilimia 8 tu ya diski huruhusiwa kuzunguka kwa wakati mmoja. Utamu wake hauko kwenye kuzima peke yake. Kwa kuwa walijua kabisa kwamba diski zote hazitawaka pamoja, waliweka pawasaplai na feni za kutosha hizo asilimia 8 tu, wala si zaidi. Unafuu ulianzia kwenye vifaa ambavyo hawakuvinunua.

Facebook nao, katika jengo lao la data baridi huko Prineville, Oregon, waliruhusu diski moja tu kwa kila trei iwake kwa wakati mmoja, wakashusha rafu nzima hadi kama kilowati 2, wakati rafu zao za kawaida zilihesabiwa kwa kilowati 8. Mtunza Kasha amefanya kinyume: amenunua pawasaplai za kuwasha kila kitu mara moja, kisha anataka kuzima.

#9 Kokoto

Nahodha, mifano yako ni ya kweli lakini umeipeleka harusi isiyo yake. Pelican na lile jengo la Prineville ni hifadhi za data baridi, yaani data inayoandikwa mara moja na kusomwa kwa nadra, na programu zake ziliandikwa upya zikijua ni diski ipi imelala na ipi iko macho. Hadoop haijui hivyo. HDFS, sehemu yake ya kuhifadhi faili, hutawanya bloku (vipande vya faili) za megabaiti 128 kwenye kila diski iliyopo, kwa hiyo faili moja kubwa huamsha nusu ya kasha.

Tena hata pasipo na mtu anayesoma, mfumo wenyewe haulali. Kila baada ya dakika 10, kwa mpangilio wa kawaida, datanodi, yaani programu inayotunza bloku kwenye kila mashine, huendesha amri ya du kwenye kila diski ili kujua nafasi iliyotumika. Kila baada ya saa 6 hupitia saraka zote kulinganisha na orodha yake. Na kila baada ya wiki 3 husoma bloku zote kuona kama zimeoza. Ukiizima diski saa 2:00, saa 2:10 du inabisha hodi.

#10 Nahodha wa Bodi

Nimekubali kuhusu harusi. Lakini dakika 10 za usingizi si kidogo. Diski ikianza kuzunguka huvuta kama ampea 2 kwenye volti 12, tuseme wati 24 kwa sekunde 15, yaani jouli 360. Ikiwa imelala inaokoa kama wati 4. Gawanya: ndani ya sekunde 90 imekwisha kulipa deni lake la kuamka, na dakika nane na nusu zilizobaki ni faida.

#11 Mama Seva

Faida ya umeme, hasara ya diski. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na diski za bei nafuu, za kujidai hazili umeme, ambazo ziliegesha vichwa vyake vya kusomea kila zilipokaa sekunde chache bila kazi. Karatasi yake iliandika kwamba inastahimili maegesho 300,000. Nilipozipima baada ya miezi 14, moja ilikuwa imefika 410,000. Ilikuwa bado inafanya kazi, lakini kwa mlio ambao sitausahau, kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko. Ilikata roho siku ya Ijumaa jioni, kama ilivyo desturi yake.

#12 Nahodha wa Bodi

Pole, lakini hesabu yako haimhusu. Kuamshwa kila dakika 10 ni mara 144 kwa siku. Ili ufike 300,000 unahitaji zaidi ya miaka 5 na nusu. Diski yako ilikuwa ikiegesha kila dakika moja na nusu.

#13 Mama Seva

Hesabu nimeipokea. Mlio bado ninao masikioni.

#14 Binti Rafu

Hamjambo nyote. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha seva hapa Nairobi, na naona mnahangaika na wati za kasha moja huku hamjauliza kwa nini makasha ni manne. Klasta ya Hadoop kwa kawaida huweka nakala tatu za kila bloku. Kasha lako lina terabaiti 288, manne yana 1,152, na kwa nakala tatu unabakiwa na 384 za kutumia. Theluthi mbili za diski zako, na theluthi mbili za tokeni zako za umeme, zinabeba marudio. Tangu Hadoop 2 unaweza kutumia kanuni ya Reed-Solomon badala yake: data inagawanywa vipande 6, vinaongezwa vipande 3 vinavyokokotolewa kutoka kwenye hivyo 6, na ukipoteza vyovyote vitatu data inarudi. Nyongeza ni asilimia 50 badala ya asilimia 200. Unaweza kupata nafasi ile ile kwa makasha mawili.

#15 Kokoto

Dada Binti Rafu, wazo ni zuri, lakini lina makosa mawili. Kwanza, jambo hilo lilikuja na Hadoop 3.0 mwezi Desemba 2017, si Hadoop 2. Pili, mpango wa 6 na 3 unataka vipande tisa vikae kwenye datanodi tisa tofauti. Kwa makasha mawili unaweza kuendesha datanodi nyingi ndani ya kila kasha na mfumo utakubali, lakini kasha moja likizimika utakuwa umepoteza vipande vinne au vitano, na kanuni inavumilia vitatu tu. Waya mmoja wa umeme ukichomoka, data yote haisomeki.

#16 Binti Rafu

Asante kwa masahihisho yote mawili. Basi kwa makasha manne: vipande tisa vikigawanywa 3, 2, 2, 2, kasha lolote likifa hupotezi zaidi ya vitatu. Inawezekana, mradi kila kasha litangazwe kwenye HDFS kama rafu yake, ili mfumo utawanye vipande kwa usawa. Halafu nafasi ya kutumia inakuwa terabaiti 768, maradufu ya ile ya nakala tatu, kwa umeme ule ule.

#17 Kokoto

Inawezekana kwa wembamba wa unywele. Kasha lenye vipande vitatu likiwa limezimwa kwa matengenezo, diski moja tu ikifa kwenye kasha lolote kati ya yaliyobaki, bloku zilizokuwa na kipande humo hazisomeki mpaka kasha hilo liwashwe tena. Mimi nisingelala usingizi.

#18 Mhasibu wa Yuniti

Na picha zenyewe za Sentinel-2 hutolewa bure, na zinaweza kupakuliwa tena. Naomba mtu aniambie kwa nini tunalinda kwa nakala tatu kitu ambacho mwenyewe yupo na anakigawa bure.

#19 Mtunza Kasha

Mhasibu, kwa sababu kupakua terabaiti 200 kwa intaneti ya hapa ofisini ni kazi ya mjukuu wangu, na bado sijaoa. Lakini nimekuelewa: picha ghafi zinaweza kukaa kwa ulinzi mwepesi, na matokeo yetu ya uchambuzi, ambayo ni kidogo, yakakaa kwa nakala tatu. Hilo sikuwa nimelitenganisha.

#20 Chumvi ya Unguja

Salaam. Ndugu Lehemu alisema punguza mwendo wa feni, nami nataka kuuliza juu ya joto. Huku kwetu diski hufika nyuzi 45 mchana na tunaogopa. Tulikuwa na seva karibu na dirisha linalotazama bahari. Feni zilivuta hewa ya chumvi kwa mwaka mmoja na nusu, na tulipofungua, pini za kebo zilikuwa na kutu ya kijani. Sisi tulisema joto limeua diski. Fundi alisema ni chumvi. Hadi leo hatukuelewana naye.

#21 Nahodha wa Bodi

Kuhusu joto, mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha utafiti uliofuatilia diski zaidi ya laki moja, na matokeo yake yaliwashangaza wengi: joto halikuwa na uhusiano mkubwa na kufa kwa diski kama watu walivyodhani, isipokuwa kwenye viwango vya juu sana na kwa diski zilizozeeka. Diski zilizokuwa baridi mno zilikufa zaidi kuliko za vuguvugu. Kwa hiyo nyuzi 43 au 45 si kilio. Mimi nasimama na fundi wenu: ni chumvi.

#22 Lehemu

Mimi sisimami na yeyote. Kutu kwenye pini huongeza ukinzani, ukinzani huzaa joto pale pale kwenye pini, na kihisi cha joto cha diski hakioni hapo. Huenda nyote mlisema kweli.

#23 Mama Seva

Turudi kwenye bati la Morogoro. Mtunza Kasha, kabla hujakata bati la pili, utazame makasha mekundu ambayo kampuni ya Backblaze ilichapisha michoro yake bure mwaka 2009 ili kila mtu ajiundie. Diski 60 za kawaida za dukani ndani ya kasha moja, kwa dola 7,867 pamoja na diski zenyewe. Hawakununua chochote cha fahari.

#24 Lehemu

Bei ni sahihi, Mama, lakini za mwaka ule zilikuwa diski 45 za terabaiti 1.5, jumla terabaiti 67. Hizo 60 zilikuja kwenye matoleo ya baadaye. Na kuna funzo ndani yake kuhusu swali la kwanza kabisa: kasha lile lilikuwa na pawasaplai mbili pia, lakini zote mbili zilikuwa za lazima. Hakuna iliyokuwa akiba ya nyingine. Moja ikifa, kasha lilizimika, kwa sababu usalama wa data ulikuwa kazi ya programu iliyo juu yake. Mtunza Kasha ana klasta inayovumilia kasha zima kufa, na bado kila kasha lina pawasaplai ya ziada inayokula wati zake kwa kukaa macho tu. Amelipia bima juu ya bima.

#25 Mzee wa Mita

Hapo umenena. Lakini usimwambie aichomoe kabla hajapima mwanzo wa kuwasha. Diski 36 zikianza pamoja kwa ampea 2 kila moja ni ampea 72 kwenye volti 12, karibu wati 864, bado madabodi. Pawasaplai moja ya 1,200 itabeba ikiwa mpya; ikiwa imekula miaka minane Dubai, sina dhamana. Aweke kwanza mpangilio wa diski kuanza moja baada ya nyingine.

#26 Mgeni wa Muscat

Mimi naona mnakata matawi na shina lipo. Badala ya diski 36 za terabaiti 8, nunua diski 16 za terabaiti 18: ni terabaiti 288 zile zile. Diski za namna hiyo hujazwa heliamu badala ya hewa, sahani zake hazisuguani na upepo mzito, na kila moja hula karibu sawa na yako moja. Unatoka wati 180 hadi kama 85, na kasha linakuwa dogo. Huku kwetu ambako kiyoyozi hakizimwi kuanzia Aprili, ndivyo tulivyofanya.

#27 Kokoto

Kwa ghala, sawa. Kwa klasta inayochambua, kuna gharama. Diski 36 kwa megabaiti 150 kwa sekunde zinatoa gigabaiti 5.4 kwa pamoja. 16 kwa megabaiti 200 zinatoa 3.2. Hadoop ilizaliwa kwa wazo la kupeleka kazi kwenye data, na wingi wa diski ndio misuli yake. Tena diski ya terabaiti 18 ikifa, kuijaza upya kwa megabaiti 200 kwa sekunde ni saa 25, na saa hizo zote diski nyingine zinafanya kazi ya kuibeba.

#28 Mgeni wa Muscat

Na makasha yake yameunganishwa kwa mtandao wa gigabiti ngapi? Kama ni 10, basi mlango wa kutokea ni gigabaiti 1.25 kwa sekunde, na hiyo misuli mingine inasubiri foleni.

#29 Kokoto

Kazi ikifanyika ndani ya kasha lile lile haipiti mlangoni. Ndiyo maana ya kupeleka kazi kwenye data.

#30 Binti Rafu

Ukitumia Reed-Solomon vipande vimetawanyika, kwa hiyo kusoma faili moja kunapita mlangoni kila mara. Nilipaswa kulisema hilo pale #14. Kwa hiyo Mgeni ana haki ikiwa Mtunza atanifuata mimi, na Kokoto ana haki ikiwa hatanifuata.

#31 Mtunza Kasha

Wakuu, samahani kwa ukimya wa siku tano. Nimeshinda sakafuni na bisibisi. Mita ya mwalimu nimeipata. Majibu ni haya.

Volti ya ukutani ilikuwa 214, si 230, na kipimo cha uwiano wa wati na volti-ampea kilikuwa 0.93. Wati halisi: 418. Mzee wa Mita, wati 65 kati ya zile nilizozililia hazikuwahi kuwepo.

Nimepanga diski zianze moja baada ya nyingine, kisha nikachomoa pawasaplai moja: 401. Nimeziunganisha feni kwenye kidhibiti na kuzishusha hadi asilimia 60 ya mwendo: 335. Diski zimepanda kutoka nyuzi 34 hadi 43, na mhasibu amefungua mlango wake. Halafu nilizima, nikachomoa diski zote 36 na kuwasha tena: 142. Kwa hiyo diski zilikuwa zikila 193, ambayo haiko mbali na makisio yangu ya mwanzo.

Kilichonishinda ni hiki. Nilizirudisha, nikaziamuru zote zilale. Kwa kuwa diski iliyolala hula chini ya wati moja, nilitegemea mita isome 175 hivi. Ilishuka hadi 178, ikakaa hapo dakika chache, kisha ikaanza kupanda, na baada ya nusu saa ilikuwa 260. Hakuna kazi, hakuna mtu aliyeingia.

#32 Kokoto

Du. Nilisema.

#33 Mtunza Kasha

Nilikumbuka maneno yako, kwa hiyo usiku wa pili niliisogeza du ifanyike mara moja kwa siku na kurudia jaribio. Ilifika 223 na kusimama. Diski tisa zilikuwa macho, na zote ziko safu moja, ya nne kutoka mbele.

#34 Nahodha wa Bodi

Ile programu ya kuchunguza afya ya diski hupita kila baada ya dakika 30 kwa mpangilio wake wa kawaida. Isipoambiwa iwaache waliolala, huwaamsha.

#35 Lehemu

Ingeamsha zote, si safu moja. Diski tisa za safu moja zinashiriki ubao mmoja wa nyuma na kebo moja. Kebo ikiwa na mguso mbaya, kidhibiti cha diski hukatikiwa na mawasiliano, huzianzisha upya, nazo huamka. Tazama kumbukumbu za makosa.

#36 Mzee wa Mita

Au pini za umeme za ubao huo zinashusha volti. Pima volti 12 pale pale kwenye ubao, si kwenye pawasaplai.

#37 Mama Seva

Kabla ya kununua kebo wala kupima pini, fanya jambo la bure: hamishia diski hizo tisa safu ya kwanza, za safu ya kwanza zipeleke ya nne, kisha uzilaze tena. Zikiamka zile zile, ubaya uko kwenye diski au kwenye kilichoandikwa humo. Ikiamka safu ya nne, ubaya uko kwenye bati.

#38 Mtunza Kasha

Nimezihamisha tangu saa 3 usiku, kisha nikakaa na mita mpaka saa 6. Zimeamka saba. Tano ziko safu ya nne, ambako hazikuwapo jana. Mbili ziko safu ya kwanza, kati ya zile nilizozihamisha.

#39 Mama Seva

Lala, mwanangu. Kesho ulete namba za utambulisho za diski hizo mbili na picha ya kebo.